Neno Nililomtafsiria Baba

Juzi mjukuu wangu aliniletea daftari lake la Kiingereza jikoni, nilipokuwa nikipepeta wimbi, yaani ulezi. Mwalimu alikuwa amewapa neno moja tu, "leave", na kila mtoto alitakiwa kutunga sentensi tano zenye maana mbalimbali. "Kogo," akaniita, kama sisi Wakipsigis tunavyowaita bibi zetu, "wewe ulisoma misheni. Nisaidie." Nikampa ya kwanza, kuondoka. Nikampa ya pili, kuacha. Ya tatu, ruhusa ya kazini. Ya nne sikumpa. Nilimwambia moshi umeniingia machoni, nikatoka nje, nikakaa kwenye gogo mpaka kuku wakala wimbi niliyoisahau kwenye ungo.

Wenzangu wa rika langu, ninyi mnaokumbuka Kericho kabla milima haijanyolewa na kuvikwa chai, mtanielewa upesi kuliko watoto hawa. Nimelibeba neno hilo tangu nilipokuwa na miaka minane au tisa. Sijawahi kumsimulia mtu jinsi nilivyolipata.

Kwetu palikuwa bondeni, mahali mto unapopinda chini ya msitu wa mianzi. Babu yangu aliyafyeka makonde yale kwa shoka lake, na kaburi lake lilikuwa kando ya zizi. Siku moja, kabla sijazaliwa, watu waliambiwa kwamba bonde lote limekuwa la shamba la Wazungu, lakini wenyeji wanaweza kuendelea kukaa maadamu wanaume wao wanalima chai. Baba akawa anavuka mto kila asubuhi na jembe lake. Chai ilikuwa ng'ambo. Kila mwaka tuliona vigingi vyeupe vikisogea karibu kidogo, na kila mwaka mama alisema, "Hawatavuka mto," kwa sauti ya mtu anayemtuliza ng'ombe wakati wa kukamuliwa.

Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na kogo, mama yake baba. Kogo alizaa watoto wengi, akabaki na huyo mmoja. Miguu yake ilikuwa imekufa kutoka magotini. Asubuhi baba alimbeba na kumweka mlangoni juu ya ngozi ya ng'ombe, jioni akamrudisha ndani, na mchana kutwa mzee huyo alikaa pale akitoa amri kwa mbuzi, kwa mvua na kwangu.

Watoto wa bondeni tulichuma chai. Walitutaka kwa sababu ya vidole vyetu vidogo. Saa sita na jioni tulipanga mstari kwenye banda la mizani, vikapu mgongoni, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, na harufu ile ya majani mabichi yaliyoanza kunyauka ikituchefua tumbo tupu. Aliyepima alikuwa karani kutoka upande wa ziwa, Mjaluo mrefu, Mkristo, anayeimba nyimbo za kanisa huku akiandika. Tulimwita Karani Zakayo. Watoto wengine walimwogopa. Mimi nilimuuliza maneno.

"Hii Wazungu wanaitaje?"

"Hiyo ni leaf. Zikiwa nyingi, leaves. Sema."

"Lip."

Zakayo aliweka kalamu chini akacheka mpaka akashika nguzo. "Lip ni huo mdomo wako, mtoto! Sema tena." Nikasema tena, ikatoka vilevile. Lugha yetu haina f wala v, na sikio langu halikuwa limewahi kukutana na sauti hizo. Kwangu yote aliyotamka, la umoja na la wingi, yalikuwa neno moja: lip. Majani ya chai. Akakata tamaa, akapima kikapu changu.

Nyumbani nilikuwa mtu mkubwa. Wageni wakija, baba aliniita niseme maneno yangu saba au nane ya Kizungu, naye alikaa akitazama chini kwa aibu ya furaha. Kogo alisema nimezaliwa na ulimi wa kuazima. Nilitembea bondeni kote nikiringa. Nalieleza hili kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kwa nini, siku ile, sikusema tu kwamba sijui.

Siku ile ilikuwa mchana mweupe wa kiangazi. Bwana mdogo, Mzungu msaidizi wa meneja wa shamba, alikuja kwa pikipiki, akaiacha ng'ambo, akavuka mto kwa miguu na viatu vyake. Alikuwa mgeni, hajamaliza hata miezi miwili nchini, uso umebabuka kwa jua. Kwa kawaida Mzungu alifuatana na nyapara, arap Sigei, Mkipsigis mwenzetu, ambaye alitafsiri. Lakini arap Sigei alikuwa amelala na homa, na bwana mdogo hakujua Kiswahili wala Kipsigis. Alisimama nje ya ua wa ng'ombe. Nakumbuka alivua kofia, na sitaki kumnyima hilo.

Alianza kwa maneno marefu. Akatuona tunavyomtazama, akafupisha. "You leave," akasema polepole, kama anayemlisha mtoto. "All. Leave." Akanyoosha kidole kwenye nyumba, kwenye ng'ombe, kwa kogo mlangoni. Halafu akasukuma mkono kuelekea bondeni chini. Mwisho akainua vidole vitatu.

Baba akanigeukia. "Chelangat, anasema nini?"

Wote walinitazama. Hata Mzungu alinitazama, kwa matumaini. Katika maneno yake yote nilikuwa nimeshika neno moja ninalolijua.

"Anasema majani," nikajibu.

"Majani gani?"

"Ya chai. Yatavuka mto yaje mpaka hapa." Na kwa sababu bado walinisubiri, nikaongeza yangu, kama anavyofanya mtoto akifika mwisho wa anachokijua. "Nyumba hii na sisi sote tutakuwa wa majani. Tutachuma. Watu watatu: wewe, mama na mimi."

"Na mimi?" kogo akauliza.

"Wewe utakaa hapo hapo."

Kogo alicheka. Baba alimwinamia Mzungu kichwa, "Ndiyo, bwana," na yule kijana akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Alituandika kwenye kijitabu chake, akavaa kofia, akarudi mtoni. Nilimsindikiza mpaka majini nikirukaruka. Nilidhani nimetupatia kazi.

Wiki zilizofuata majirani walianza kuhama. Arap Bett wa bonde la juu alipita na ng'ombe wake, wake zake wamebeba vibuyu na mawe ya kusagia, wakielekea rizavu, ardhi waliyotengewa wenyeji, upande wa Bomet. Baada yake zikaondoka nyumba nyingine mbili. Mama aliuliza kulikoni. Baba alisema wanaogopa kazi ya kuchuma, wanaume wazima kuinama kama wanawake. Kisha akalima shamba jipya kando ya mto, akapanda wimbi. Ilikuwa wimbi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwetu. Ilipoanza kutoa masuke, kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege, na nilikuwa huko, na kombeo mkononi, asubuhi walipokuja.

Mvua ilikuwa nyembamba. Walikuwa bwana mdogo, arap Sigei na askari kanga wanne, wale askari wa chifu, wenye mablanketi mabegani. Nilipofika mbio nyumbani, arap Sigei alikuwa anabishana na baba.

"Mlipewa miezi mitatu! Wenzenu wote wametoka. Ninyi mnangoja nini?"

"Hakuna aliyetuambia," mama akasema. Baba aligeuka kulitazama kaburi la babu.

"Hakuna? Bwana alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akawaambia mtoke! Mzee wako akasema ndiyo, bwana. Imeandikwa."

Mama akanitazama. Ni yeye tu aliyenitazama. Nilikuwa bado nimeshika kombeo, na nakumbuka nilianza kulikunja, nikalikunja vizuri sana, kona kwa kona, kama kitambaa cha kanisani.

Hawakutupiga. Walitoa vitu wakavirundika kwenye matope: vibuyu vya maziwa, vyungu, ngozi, kigoda cha babu. Baba alimbeba kogo nje, akamfunika. Nyasi za paa zilikuwa na unyevu, kwa hiyo askari waliingiza moto kwa ndani, na nyumba ilitoa moshi muda mrefu kabla ya kuwaka. Ghala la nafaka liliwaka upesi zaidi. Mama alipoliona alikimbia kuelekea kule, kichwa chini, na bwana mdogo akamshika mkono akipiga kelele, "Leave it! Leave it!"

Nilisikia lip. Nyumba yetu inaungua na Mzungu analia majani, majani. Nilitazama huku na huku niyaone hayo majani. Hayakuwapo.

Wimbi ilibaki shambani. Walituambia si yetu tena.

Njia ya kutoka ilipita kwenye banda la mizani. Baba na mjomba, kaka yake mama aliyekuwa amekuja kututembelea wiki ile, walimbeba kogo kwa ngozi iliyofungwa kwenye miti miwili. Mama aliswaga ng'ombe. Karani Zakayo alitoka akasimama mlangoni, kalamu nyuma ya sikio. Nilibaki nyuma, nikamwendea.

"Lip ni nini?"

"Sasa hivi, mtoto? Ni majani, nilikufundisha."

"Bwana alimwambia mama lip it. Na siku ile alituambia yu lip."

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Hilo ni neno lingine," akasema. "Leaf ni majani. Leave ni toka, ondoka. Au acha, achana na kitu. Kwa mdomo wenu yanafanana." Halafu nilimwona akifikiri. "Nani aliwatafsiria siku ile?"

"Hakuna mtu," nikasema, nikakimbia kuwafuata wenzangu.

Tulitembea siku mbili kwa mvua. Kogo hakulalamika, na hilo ndilo lililotutisha, maana alikuwa mtu wa kulalamika. Siku ya pili alianza kukohoa. Kwa mjomba tulipewa kibanda cha mbuzi kilichozibwa kwa udongo mbichi. Ng'ombe wawili walikufa mwezi wa kwanza kwa ugonjwa wa malisho mageni. Chakula kikaisha, na baba akafanya alichosema hatafanya kamwe: akarudi Kericho kuandikishwa kazi kwenye shamba lilelile. Nilisikia baadaye kwamba walimpa kuchimba mashimo ya miche bondeni kwetu.

Nilimtunza kogo mimi. Nilimpa uji, nikamgeuza ubavu, nikamfuta. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Siku moja nilianza, "Kogo, siku ile ya Mzungu..." naye akaniambia nimkune mgongo, chini kidogo, hapo, na baada ya hapo sikuweza tena. Kifua chake kilikuwa kikilia kama nyasi kavu.

Alipoacha kula, akawa anamwita mwanawe. Alimwita kwa jina la utotoni ambalo sikulijua. Mama akaniambia, "Nenda na mjomba mkamlete. Kimbieni."

Tulimkuta baba ameinama shimoni. Aliweka jembe chini, akaenda moja kwa moja kwa Karani Zakayo, naye akatupeleka ofisini, kwa bwana mdogo. Tulisimama nje ya dirisha. Baba alishika kofia yake kwa mikono miwili. Zakayo alizungumza Kizungu kizuri, taratibu, na katikati ya maneno yale nikalisikia: leave. This man, leave.

Sasa nililijua. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo kwa miezi. Toka. Fukuzwa. Nilidhani Zakayo anamwambia Mzungu amfukuze baba kazi, na uji wetu wote ulitoka kwenye kazi hiyo. Nikamrukia mkono nikauvuta. "Usimwambie hivyo! Usimwambie hilo neno!" Nilipiga kelele mpaka watu wa bandani wakageuka. Mjomba alinishika, nikamng'ata.

Bwana mdogo aliinuka nyuma ya meza. Hakuwa tena yule aliyevua kofia. Alimwambia Zakayo maneno machache makavu, na nikasikia, "No. No leave," halafu dirisha likafungwa.

Zakayo alinipeleka kando. "Nilikuwa namwombea ruhusa," akasema. "Leave ni ruhusa pia, mtoto. Mtu akiumwa au akifiwa, anaomba leave, anakwenda, anarudi. Basi."

"Amekataa kwa sababu yangu?"

Alikuwa mtu mkweli, na nadhani alitafuta uongo mzuri akaukosa. "Chai imejaa shambani," akasema. "Huenda angekataa tu. Sijui."

Siku hizo kutoka kazini bila ruhusa kuliitwa kutoroka, na waliotoroka walikamatwa kwa kipande chao, cheti cha kazi walichovaa shingoni, wakafungwa. Baba akavaa kofia yake tena. Kisha akamwambia mjomba, "Mwambie mama yangu nakuja," akarudi shimoni. Sisi tukarudi siku mbili zile zile. Nilimwambia kogo kwamba mwanawe anakuja. Aliuliza yuko wapi sasa. Nikamwambia amefika mtoni. Kesho yake nikamwambia amefika kwa jirani. Siku ya tatu hakuuliza.

Alipokufa, mama na mjomba ndio waliomtoa kwenda kumzika. Kwetu mama mzee hutolewa na mwanawe wa kuzaa, na wazee wa pale, waliokuwa hawamjui baba, walitazama kazi ile ikifanywa na shemeji ya mwanawe, wakageuza nyuso kwa adabu.

Baba alikuja siku zake za kazi zilipotimia. Alikuwa ameambiwa njiani. Hata hivyo alikuwa amemletea mama yake blanketi, jipya, la kijivu lenye mstari mwekundu, na hakujua la kufanya nalo. Alikaa nalo magotini nje ya kibanda, jua la asubuhi likimpiga usoni. Nilimwendea. Nilikuwa nimeamua, hata akiniua.

"Baba, lile neno halikuwa majani. Lilikuwa ondokeni. Mimi ndiye niliyekosea."

Alikunja ncha ya blanketi, akaikunjua.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu zamani. Arap Bett alinijia siku ileile, jua halijatua. Alikuwa ametafsiriwa na mtu mwingine. Akasema, tumefukuzwa, twende pamoja, tumbebe mama yako kwa zamu, tuko wengi. Nikamwambia binti yangu amesikia kwa masikio yake mwenyewe."

"Kwa hiyo uliniamini?"

"Hapana."

Ng'ombe aliyebaki alikuwa anajikuna kwenye nguzo, na kibanda kizima kilikuwa kinatikisika. Baba hakunitazama. "Nilikuwa na mama asiyetembea na kaburi la baba yangu," akasema, "na pale alikuwapo mtoto anayesema tubaki. Nikachukua maneno ya mtoto."

Nilikuwa nimengoja miezi nikidhani nikishasema nitapata pumzi. Badala yake nilimkasirikia, hasira iliyonipanda mpaka masikio yakawaka. Wangembeba kwa zamu. Walikuwa wengi, na mvua ilikuwa haijaanza. Angefika mkavu. Na mimi ningelala usiku kama watoto wengine. Sikumwambia hata moja la hayo. Haikuwa desturi.

Leo nimempita umri baba yangu wa siku ile, nimempita mara mbili. Namwona sasa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, anaulizwa achague kati ya nyumba na barabara, na anayemuuliza hawezi hata kumuuliza kwa lugha yake. Nimewaona watu wengi wenye akili kumshinda wakichagua vivyo hivyo. Lakini huo ni ufahamu wa bibi kizee. Mtoto hakuwa nao.

Alikaa nasi siku mbili. Alfajiri ya tatu, mama aliniambia nimsindikize na kibuyu cha maziwa mpaka mto wa pale kwa mjomba. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye maji alipokea kibuyu, akasema, "Nimesema na watu wa misheni. Mwaka ujao utaingia shule. Ukajifunze maneno yao yote, usichukue moja moja." Alingoja nimjibu. Nilitazama miguu yangu.

Akavuka. Alipofika ng'ambo aligeuka, akasimama pale kwa muda mrefu na kibuyu chake, akinisubiri nimpe kwaheri kama ilivyo desturi ya mtoto kwa baba anayekwenda mbali. Sikuitoa. Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyokuwa nayo mkononi, na nikaitumia mpaka akaondoka.